UCHAMBUZI: Vita vya miraa na muguka vyasahau usingizi

MEI 2024 ulikuwa mwezi mchungu kwa wakulima wa Embu na Meru. Gavana wa Mombasa, Bw Abdulswamad Nassir, alitoa amri ya kupiga marufuku uingizaji, uuzaji na matumizi ya muguka katika kaunti yake. Wenzake wa Kilifi, Bw Gideon Mung'aro, na wa Taita Taveta, Bw Andrew Mwadime, wakafuata nyayo zake. Siku chache baadaye Rais William Ruto alitangaza kwamba marufuku hiyo haikuwa na nguvu, kwa kuwa muguka unatambuliwa kama zao halali na sheria za kitaifa, nayo Mahakama Kuu mjini Embu ikasimamisha utekelezaji wa amri za magavana hao.

Maneno yaliyorushwa katika siku hizo yalikuwa mengi. Viongozi wa Pwani walilia na vijana waliopotea vibarazani, mashavu yamefura, kazi hawana. Viongozi wa Embu, Gavana Cecily Mbarire akiwa mstari wa mbele, walilia na wakulima wa Mbeere ambao karo ya watoto wao hutoka katika jani hilo na si kwingineko. Kila upande ulikuwa na haki ya kusikizwa. Hata hivyo, katika kelele zote hizo, jambo moja halikupata mtetezi wala mshtaki, nalo ndilo kiini cha biashara yenyewe: usingizi.

Ukitoka mji wa Meru kuelekea kaskazini utafika Ruiri, katika eneobunge la Buuri, upande ambao mashamba yenye rutuba huanza kuachia nyanda kavu za kuelekea Isiolo. Hapa, kama ilivyo katika masoko mengine ya Meru, ukimuuliza mnunuzi sababu ya kutafuna miraa, jibu mara nyingi ni lile lile: asilale. Dereva wa lori ana safari ya usiku. Bawabu ana lango la kulinda. Mwanafunzi wa chuo ana mtihani asubuhi. Mfugaji ana mifugo ambayo wezi wakiijia watakuja usiku wa manane. Wazee wa Kimeru walikuwa na sababu hiyo hiyo walipokesha wakijadili mambo ya jamii, tangu enzi ambazo kitita cha miraa kilikuwa alama ya heshima na vijana hawakuruhusiwa kukigusa ovyo.

Kwa hiyo mkulima anauza kukesha, na mnunuzi ananunua kukesha. Swali ambalo serikali, mahakama na magavana walipaswa kuliuliza mapema ni hili: kukesha huko kunatoka wapi, na nani hulipa?

Jibu lililo bora zaidi tulilo nalo halikupatikana kwa watu. Limetoka kwa paka, panya na sungura. Sababu ni rahisi kuelewa. Hakuna mtu atakayekubali kupasuliwa fuvu na kupachikwa nyaya nyembamba ndani ya ubongo ili apimwe akilala. Mnyama wa maabara hana uwezo wa kukataa, na hilo ni jambo ambalo kila anayenufaika na elimu hiyo anapaswa kulikumbuka.

Ni kwa njia hiyo ambapo Michel Jouvet, mtafiti wa mjini Lyon, Ufaransa, alieleza mwaka wa 1959 hali ya ajabu aliyoiona kwa paka waliolala. Misuli yao ilikuwa imelegea kabisa, lakini mawimbi ya umeme ya ubongo wao yalikuwa na kasi kama ya mnyama aliye macho. Ndio usingizi ambao kwa binadamu huambatana na ndoto nyingi. Tangu wakati huo imefahamika kwamba usingizi una sehemu zinazopokezana: usingizi mzito, ambao mawimbi yake ni mapana na ya polepole, na huo usingizi wa ndoto. Kemikali inayomfanya mtu akeshe inaweza kuondoa mmoja na kuuacha mwingine, au kuuvuruga mpangilio wote.

(Waswahili husema mtu amelala usingizi wa pono. Wavuvi wa Pwani hawakukosea katika kumteua samaki huyo: baadhi ya aina za pono hujifunika kwa utando wa ute wakati wa usiku na kutulia humo hadi alfajiri. Hakuna mnyama aliyechunguzwa vyema ambaye ameonekana kuishi bila ya namna fulani ya kupumzika.)

Je, ubongo hujuaje kwamba umechoka? Mwaka wa 1997 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Tarja Porkka-Heiskanen na wenzake uliofanywa kwa paka. Paka walipowekwa macho kwa saa nyingi, kemikali iitwayo adenosini ilirundikana katika sehemu ya chini ya mbele ya ubongo wao. Waliporuhusiwa kulala, ilipungua. Adenosini ni kama daftari la mwenye duka. Kila saa ya kukesha huandikwa deni, na usingizi ndio unaolifuta.

Kahawa, zao jingine ambalo Meru inalifahamu vizuri, hufanya kazi kwa kulifunika daftari hilo. Kafeini huketi mahali ambapo adenosini ingeketi kwenye seli za neva, ikazuia ujumbe wa uchovu usifike. Mwaka wa 2005 ilidhihirika kwamba panya waliozaliwa bila ya kipokezi kimoja mahususi cha adenosini hawakukeshwa na kafeini hata kidogo. Deni lilikuwapo bado, ila msomaji wake alizibwa macho.

Miraa haipitii mlango huo. Kiungo chake kikuu ni kathinoni, ambayo maabara ya Umoja wa Mataifa iliitenga kutoka katika majani mabichi mwaka wa 1975. Kabla ya hapo, tangu 1930, wanakemia walikuwa wakiilaumu kathini, ambayo ni hafifu zaidi, kwa kuwa majani yaliyowafikia Ulaya yalikuwa yamekwisha kukauka. Mtafiti Peter Kalix wa Geneva alionyesha mnamo 1980 kwamba kathinoni huwafanya panya wadogo wahangaike na kukimbia huku na huko kama waliopewa amfetamini. Mwaka uliofuata alionyesha, kwa kutumia tishu za ubongo wa sungura, kwamba kathinoni hulazimisha ncha za neva zimwage dopamini, kemikali inayohusika na msisimko, hamu na mwendo. Humwaga noradrenalini vilevile, ndiyo sababu moyo huenda mbio na shinikizo la damu hupanda.

Lakini je, dopamini ndiyo inayofukuza usingizi? Hapa kuna jaribio ambalo mwandishi huyu anaona lilistahili kujulikana zaidi. Mwaka wa 2001 watafiti nchini Marekani walitumia panya waliozaliwa bila ya pampu ya kurudisha dopamini ndani ya neva, pampu ambayo dawa za jamii ya amfetamini huitegemea. Walipewa methamfetamini, ambayo ni jamaa wa karibu wa kathinoni kikemia. Haikuwaamsha. Panya hao hao walipopewa kafeini walikesha, tena kuliko panya wa kawaida. Maana yake ni kwamba kuna milango miwili tofauti ya kukesha, na anayekunywa kahawa kwa wingi huku akitafuna miraa anaifungua yote kwa pamoja.

Tofauti hiyo ina uzito. Kahawa humzuia mtu kusikia kwamba amechoka. Dawa za jamii ya amfetamini zinafanya zaidi: zinausukuma ubongo uende kasi ilhali deni linazidi kuongezeka. Kwa paka na panya zimeonekana kupunguza usingizi mzito na hasa kuufuta ule wa ndoto, na dawa inapokwisha mnyama hulala kwa pupa, usingizi wa ndoto ukirudi kwa wingi usio wa kawaida. Anayefahamu vijiwe vya watafunaji hahitaji kuelezwa hali hiyo ilivyo kwa binadamu. Baada ya "handas" ya jioni huja usiku wa kugeukageuka kitandani, kisha asubuhi yenye hasira na huzuni isiyo na sababu.

Kasi ambayo magari ya miraa hupita nayo barabarani, na ambayo kila mkazi wa barabara ya Meru hadi Nairobi ameilaani, inatokana na kemia hiyo hiyo. Jani likikatwa, kathinoni huanza kugeuka kuwa kathini. Ndiyo maana vitita hufungwa kwa majani ya mgomba ili visikauke, na ndiyo maana miraa ya jana haina bei. Dereva anashindana na mmeng'enyuko wa kemikali usiomsubiri mtu. Mara nyingi silaha yake katika mashindano hayo ni kutafuna mzigo huo huo anaoubeba. Sioni jinsi sera yoyote ya usalama barabarani inavyoweza kulijadili hilo bila ya kutaja usingizi.

Tazama pia hesabu ya saa. Mwaka wa 2003, katika utafiti wa Ujerumani uliowahusisha watu wanne waliojitolea kutafuna majani hayo, ilibainika kwamba nusu ya kathinoni huondoka mwilini kwa takriban saa moja na nusu, lakini kathini huchukua kama saa tano. Aliyeacha kutafuna saa nne za usiku anaweza kuhisi msisimko umepoa kufikia saa sita, akadhani amerudi katika hali ya kawaida. Saa tisa za usiku, karibu nusu ya kathini ingali katika damu yake. Kesho yake ataamka akiwa amelala, lakini hajapumzika, na atanunua kitita kingine ili aweze kufanya kazi. Hivyo ndivyo mazoea yanavyojengeka, na ni maelezo yanayotosha bila ya kumwita kijana huyo mvivu au aliyelaaniwa.

Wengine hutafuta njia ya mkato: pombe au tembe za usingizi ili kuizima miraa. Hapa panya wana la kusema tena. Januari 2025 jarida la Cell lilichapisha utafiti uliofanywa kwa panya walioachwa walale usingizi wa kawaida, ambapo noradrenalini ilionekana kupanda na kushuka polepole kwa mawimbi, na mawimbi hayo yakawa yanaisukuma mishipa ya damu ya ubongo kama pampu inayosafisha. Panya waliopewa zolpidemu, mojawapo ya dawa za usingizi zinazotumika sana duniani, walilala upesi, lakini mawimbi hayo yalififia na usafishaji ukapungua. Wataalamu bado wanabishana vikali kuhusu jambo hili. Utafiti mashuhuri wa 2013 ulisema ubongo wa panya husafishwa zaidi wakati wa usingizi, na mwingine wa 2024 ukasema kinyume chake. Hata hivyo, kuna jambo ambalo pande zote zinakubaliana kwamba linapaswa kuchunguzwa: kupoteza fahamu kwa dawa hakulingani na usingizi. Mtu aliyekesha kwa kathinoni akalala kwa tembe ameingia katika hali mbili za kutengenezwa, na usingizi wenyewe hajaukaribia.

Kwetu nyumbani, jaribio linalokaribia zaidi suala hili lilifanywa kwa nyani katika Taasisi ya Utafiti wa Nyani iliyoko Karen, Nairobi, na kuchapishwa mwaka wa 2006. Jason Mwenda na wenzake waliwapa nyani madume dondoo la miraa, wakapima homoni. Lengo lao lilikuwa uzazi, wala hawakupima mawimbi ya ubongo. Waliona homoni ya testosteroni ikipanda huku prolaktini na kotisoli zikishuka. Kwa msomaji wa makala haya, neno la kutiliwa mkazo ni prolaktini. Katika mwili, dopamini ndiyo inayoizuia homoni hiyo. Kushuka kwake kunaafikiana na yale ambayo Kalix alikuwa ameyaona katika tishu za sungura robo karne kabla, safari hii ndani ya mnyama aliye hai ambaye mwili wake unashabihiana mno na wetu.

Na mbuzi je? Katika eneo la Harar nchini Ethiopia, ambako jani hilo huitwa chati, mabaki yanayotupwa na watafunaji hukusanywa na kulishwa mbuzi na kondoo, nao hunawiri. Wapo wanaoutumia mfano huo kudai kwamba jani halina madhara. Hoja hiyo haina miguu. Kinachotupwa ni majani makavu na vijiti ambavyo mlaji amekwisha kuvikataa, yaani sehemu iliyo na kathinoni kidogo zaidi. Isitoshe, mnyama anayecheua huvunja kemikali nyingi tumboni kabla hazijafika katika damu, na usingizi wake haufanani na wetu. Ng'ombe hulala kwa saa nne hivi tu kwa siku, na saa nyingine nyingi husinzia huku akicheua.

Tahadhari hiyo hiyo inapaswa kuwarudia wale wanaoutaka ushahidi wa maabara uwe rungu la kuwapigia wakulima. Panya huchomwa sindano ya kathinoni safi kwa mara moja. Mtafunaji humeza kidogo kidogo kwa saa kadhaa, akiwa na wenzake, soda na karanga pembeni. Panya hulala mchana, tena kwa vipande vifupi vifupi, ilhali binadamu hutarajia usiku mmoja mrefu. Katika majaribio yaliyofanywa Chicago na kuripotiwa miaka ya 1980, panya walionyimwa usingizi kabisa walikufa katika siku 11 hadi 32. Ingekuwa ni uzushi kumtisha mtafunaji wa Maua kwa takwimu hiyo, kwani hakuna kitita kinachomnyima mtu usingizi wote kwa muda kama huo. Tena kemikali za jamii hii si sumu tupu. Bupropioni, dawa inayotumiwa kutibu sonona na kuwasaidia watu kuacha sigara, ni ya ukoo wa kathinoni.

Kutofautiana huku ndiko kulikoifanya dunia iyumbe. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka wa 1980 kwamba miraa inaweza kuleta utegemezi wa kisaikolojia wa kiwango cha chini hadi cha wastani. Mwaka wa 2006 kamati yake ya wataalamu ikaona hakuna haja ya kuiweka chini ya udhibiti wa kimataifa, ingawa kathinoni yenyewe imo katika orodha kali kabisa ya mkataba wa 1971. Uholanzi ilipiga marufuku mwaka wa 2013. Uingereza ilishauriwa na baraza lake la wataalamu, Januari mwaka huo huo, isipige marufuku. Waziri Theresa May akaupuuza ushauri huo, na kuanzia Juni 24, 2014, soko hilo likafungwa huku Meru ikibaki na hasara. Kenya nayo ilikwenda upande wa pili: mwaka wa 2016 miraa iliingizwa katika orodha ya mazao rasmi, na kanuni za kuisimamia zikatolewa mwaka wa 2023.

Kanuni hizo zinamtazama mkulima anayesajiliwa na mfanyabiashara anayepewa leseni. Mtafunaji na saa anazolala hazimo katika hesabu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye pengo, na marufuku ya magavana wa Pwani haingeliziba, kwa sababu muguka ungeendelea kuuzwa gizani kwa bei ya juu na mtafunaji asijue lolote jipya kuhusu mwili wake. Dereva wa gari la abiria hupimwa pombe barabarani. Hapimwi iwapo amekesha usiku tatu mfululizo. Mzee wa miaka 60 anayetafuna kitita kimoja Jumamosi alasiri na kijana wa miaka 16 anayeanza kutafuna muguka saa mbili za usiku kila siku wanahesabiwa sawa, aidha kama wahalifu huko Mombasa, au kama wateja halali huko Embu. Ushahidi wa wanyama unaelekeza kwingine kabisa: katika kiasi, umri na saa ya kuacha.

Meru ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, na Embu ina chuo kikuu chake. Mawimbi ya ubongo wa mtu aliyelala hupimwa siku hizi kwa vifaa vinavyobandikwa kichwani bila ya kupasua chochote, na watafunaji wa kujitolea hawatakosekana Ruiri, Maua wala Siakago. Kinachohitajika ni kuwapima wakiwa wametafuna na wakiwa hawajatafuna, miraa kwa muguka, alasiri kwa usiku, na kuwalipa kwa muda wao. Kesi nyingine kuhusu jani hili itakapofika mahakamani, na bila shaka itafika, mawakili wa Embu na wa Mombasa watakuwa na karatasi hiyo mezani.